Siku Tuliyompeleka Latifu Bwawani

Lailah alikuja kunichukua Ggaba saa moja asubuhi, na kitu cha kwanza alichotaka kwangu ni simu.

"Kwetu," alisema, "siku ya arobaini mama mtoto hazungumzi na baba mtoto mpaka mtoto anawishwe uso kwa maji ya Nile. Hata kwa simu. Ukimpigia Akram leo, umeharibu."

Nikaizima, nikampa. Akaitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Nilikuwa na daftari nililolianza mimba ilipokuwa na miezi minne. Humo nilikuwa nimeandika kila kitu alichonifundisha huyu wifi yangu: namna ya kumsalimia mama yake, mkono wa kupokelea kikombe, siku ya kumnyoa mtoto, udi unachomwa lini na nani haruhusiwi kuuchoma. Nikaandika na hilo la simu, nimesimama mlangoni, Latifu mgongoni.

Mimi ni Loice, binti Khisa, kwetu Bungoma. Nilikuja Kampala kwa kazi ya samaki, kuparua na kupanga kwenye makreti pale mwaloni Ggaba, mitumbwi inakoshushia samaki, na Akram alikuwa akituletea barafu kwa pikapu. Ni Mnubi. Baba yake ni marehemu Marjan, mwenye ile nyumba kubwa ya Old Kampala iliyo chini ya msikiti. Babu zao waliletwa kutoka Sudan na jeshi la wakoloni, na hawakai mezani dakika kumi bila kulitaja. Niliposhika mimba Akram hakukimbia, na kwa hilo tu nilimwona mwanamume kuliko wote waliokuwa pale mwaloni. Alisema mtoto akifika siku arobaini atapelekwa Nile kama walivyopelekwa wao, na siku hiyo hiyo mimi na mtoto tutaingia nyumba ya Marjan, shehe aitwe, mambo yaishe. Nilichora siku hizo ukutani kwa chaki. Kila asubuhi nilifuta moja.

Kwa hiyo siku ile chumba changu kilikuwa kitupu. Ufunguo nilikuwa nimeshaurudisha, na mpangaji mpya, mkaanga chapati, alikuwa ameegemeza godoro lake nje akisubiri nitoke.

"Unaolewa?" aliniuliza.

"Leo," nikamwambia, na nikasikia uso wangu unawaka.

Lailah aliliona sanduku langu. "Na hili la nini?"

"Si jioni nalala kwenu, wifi?"

Alinitazama kidogo. Halafu akacheka, akanifinya shavu. "Banange, una haraka wewe! Haya, lilete. Dereva atalipanga nyuma."

Gari halikuwa la kwao. Lailah alikuwa amekata nafasi mbili kwenye ziara ya nusu siku, ya kampuni ndogo inayochukua watu kwenye hoteli moja pale Ggaba, inawapeleka Jinja kutazama bwawa la Nalubaale, lile ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls, na kuwarudisha mjini saa nane. Mimi niliona ni akili nzuri sana. Mtoto ananawa, na mama anaona bwawa ambalo alilisoma shuleni.

Tuliwakuta walimu sita kutoka Gulu, wakiongozwa na mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Ayot. Dereva alikuwa Oyet, mtu wa maneno machache. Mwongozaji aliitwa Wandera, kijana wa Busia, na aliposikia Kiswahili changu akajua mara moja.

"Dada, wewe ni wa upande wetu. Bungoma?"

"Bungoma."

"Na huyu mdogo?"

"Huyu ni wa Old Kampala," nikasema, na nikajiona nimenyoosha shingo.

Lailah alikuwa ameketi dirishani, mikono yake imepakwa hina mpya, nyeusi vizuri, maua hadi viwiko. Ayot aliinama kutoka kiti cha nyuma akaishika.

"Mama yangu! Mikono gani hii? Kuna harusi?"

"Arobaini ya mtoto," Lailah akajibu upesi.

"Na mama mtoto mbona hajapakwa?"

Nilitazama vidole vyangu. Magamba ya samaki hayatoki haraka chini ya kucha, hata ukiacha kazi miezi miwili.

"Mama mtoto hapakwi," alisema Lailah. "Kwetu ni shangazi tu."

Nikatoa daftari nikaandika: hina ni ya shangazi.

Safari ya Jinja si ndefu, lakini Lailah aliifanya ndefu. Tulipofika Namawojjolo alitaka tusimame tununue kuku wa kuchoma, na aliponunua wa kwanza akasema hajaiva, akarudi kubadilisha. Msitu wa Mabira ulipoanza alisema anataka kushuka asikie ndege. Tukashuka. Hakusikiliza ndege wowote, alisimama akiandika kwenye simu. Kila aliporudi garini alininunulia kitu: ndizi ya gonja, maji, kofia ndogo ya sufu ya Latifu. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuninunulia kitu. Nikawa nafikiri, basi ndivyo watu wanavyokuwa ukishakuwa mtu wao.

Wandera akatazama saa. "Dada Lailah, hii ni ziara ya nusu siku. Si hija."

Walimu wakacheka. Lailah akacheka kuliko wote. "Mpeni mama mtoto nafasi afurahi, jamani. Siku yake hii. Tukirudi hata saa kumi, kuna nini?"

Tulifika bwawani saa sita kasoro. Nilikuwa nimelifikiria kama ukuta mmoja tu, kumbe ni jiji la zege. Maji ya ziwa yamekuja yametulia upande mmoja kama hayana habari, na upande wa pili, chini kabisa, yanatoka kwenye milango yakiwa meupe, yanapigana, na ardhi unayoikanyaga inatetemeka polepole. Latifu alifungua macho. Nilimgeuza aone.

Wandera alitupanga nyuma ya kamba, mahali pa kutazamia, akapaza sauti. "Lilifunguliwa mwaka wa hamsini na nne. Mitambo kumi. Kabla ya hapo kulikuwa na maporomoko, watu walikuwa wanakuja kuyatazama. Maporomoko yalizama. Msiniulize yalikuwaje, mimi sikuwepo, na aliyekuwepo hajarudi kusimulia." Walimu wakacheka tena. "Sasa sheria. Picha hakuna. Mnawaona wale askari? Hata ukitaka kujipiga picha wewe na pua yako tu, hapana. Hapa umeme wa nchi umekaa. Simu mfukoni."

Nilimwuliza Lailah tutanawia wapi. Chini kule palikuwa na uzio na maji yalikuwa mbali, hasira tupu.

"Baadaye," alisema. "Tutashuka kwenye gati, pale penye mashua. Simama pale kwanza. Hapana, sogea. Maji yaonekane nyuma yako."

"Wifi, wamesema picha..."

"Moja tu. Ya Akram. Mshike mtoto juu. Cheka."

Nikacheka. Nilidhani Akram ataitazama picha hiyo na kusema, tazama wake wangu wawili, yule mkubwa na yule mdogo, maana alipenda kumtania Latifu hivyo alipokuwa anavaa kofia za kike. Nikacheka kwa moyo wote.

"Wewe mama! Simama hapo!"

Askari alikuwa ameshafika, bunduki begani, mkono umenyooshwa. "Simu leta."

"Afande, nilikuwa nampiga mtoto picha tu."

"Mtoto iko wapi na bwawa iko wapi? Nimeona mimi. Leta."

Lailah akaitoa. Askari akamwambia afungue, akafungua. Askari alianza kufuta picha moja moja, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Niliona picha yangu ikitoweka, mimi na Latifu na yale maji meupe. Kisha nyingine. Lailah alikuwa amenipiga tano.

Simu ikalia. Ikalia tena. Askari akakunja uso, akabonyeza, picha mpya ikafunguka.

"Hii nini? Bwana harusi?"

Hakuigeuza simu, wala hakuwa na haja. Mimi nilikuwa nimesimama upande wake. Akram alikuwa amevaa kanzu nyeupe na joho jeusi lenye uzi wa dhahabu. Kando yake palikuwa na shehe, na kando ya shehe msichana aliyefunikwa shela, mikono imepakwa hina kama ya Lailah, maua yale yale.

Askari alikuwa anasoma maandishi yaliyokuja chini ya picha, na kwa vile ndiyo kazi yake kushuku, aliyasoma kwa sauti.

"'Bado uko naye huko? Mshike hapo mpaka saa kumi.' Nani huyu mnashika? Mnashika nani kwa bwawa?" Akamwita mwenzake. "Afande, kuja. Hawa watu wanashika mtu kwa bwawa."

Askari wa pili alikuja mbio. Wandera alikuja mbio. Walimu wote sita walisogea, Ayot mbele. Lailah alikuwa amegeuka rangi. Nilimwona akinitazama, akiwatazama askari, na nilimwona anachagua. Haikumchukua muda.

"Afande, si bwawa. Si mambo ya serikali. Ni huyu hapa." Alininyooshea kidole. "Kaka yangu anaoa leo. Huyu alizaa naye tu, ni mtu wa samaki wa Ggaba. Mama aliogopa atakuja msikitini na mtoto kufanya fujo mbele ya wakwe. Ndiyo tukamleta huku atembee. Tumeshika yeye, hatujashika bwawa."

Kisha askari wa kwanza akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameinama, bunduki inapiga paja. "Mumemleta Jinja! Harusi iko Kampala, mnamleta atazame umeme!" Mwenzake akacheka. Mwalimu mmoja wa Gulu naye akacheka, akaziba mdomo, akashindwa. Ayot alisema, "Ee, ninyi Kampala mna akili," na sikujua kama analaani au anasifu. Wandera alitazama chini.

Mimi niliuliza swali la kijinga kuliko yote. "Sasa tunanawia wapi?"

Hapo ndipo hata aliyekuwa amejizuia akashindwa.

Walitukalisha kivulini saa nzima huku mkubwa wao akiandika jina la Lailah na namba ya kitambulisho chake, akimpa mahubiri ya usalama wa taifa. Nilinyonyesha. Sikulia, kwa sababu nikilia maziwa hukatika, nimeliona hilo mara mbili. Lailah alipoachiliwa alikuja akakaa kando yangu, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Loice. Usinune. Unajua sisi wanaume wetu wanaruhusiwa wanne."

Nilifunga vifungo vya gauni.

"Safinah ni wa kwanza, basi. Ni mtoto wa rafiki wa marehemu baba, mambo ya zamani hayo. Lakini mama anampenda sana huyu mtoto. Kila siku, mjukuu wangu, mjukuu wangu. Ukienda kwa adabu, bila kelele, kuna nafasi ya wawili. Ukienda na kelele, ndiyo utawapa sababu."

Nitasema ukweli: niliyashika maneno hayo. Mtu aliyerudisha ufunguo hushika chochote. Nilimtazama Latifu, amelala na tone la maziwa kidevuni, nikafikiri, wa pili si kitu. Wa pili ana chumba. Mtoto wake ana jina, ana bibi, ana shangazi mwenye hina. Nitakuwa na adabu kuliko huyo wa kwanza. Nitaandika yote kwenye daftari.

"Kwanza anawe," nikasema.

Lakini tulipopanda gari Wandera alisema muda wa gati umekwisha. Saa yote ile ilikuwa imeliwa na askari, na walimu walikuwa na basi la Gulu la kuwahi. "Samahani, dada yangu," aliniambia, na hakuweza kunitazama.

"Siwezi kurudi naye hajanawa," nilisema. "Wifi, mwambie."

Lailah aligeuka kwenye kiti, akachukua chupa ya maji mkononi mwa Ayot, ya dukani, nusu imenywewa. Akaifungua. Kabla sijaelewa alikuwa ameshammwagia Latifu usoni. Mtoto alishtuka usingizini, akavuta pumzi mpaka nikadhani haitarudi, halafu akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Haya, amenawa," Lailah alisema, akirudisha kizibo. "Haya maji yametoka wapi, si huku huku Jinja?"

"Maji yangu hayo!" Ayot akasema, na gari zima likacheka, hata Oyet mabega yake yalitikisika. Nilimfuta Latifu kwa khanga. Masikio, shingo, kope. Njia nzima hadi Mukono nilikuwa bado namfuta na alikuwa ameshakauka zamani.

Oyet alituteremsha Old Kampala saa kumi kasorobo. Alishusha sanduku langu mwenyewe, akaliweka ukutani, akasema neno lake la kwanza kwangu siku nzima. "Mama, shika mtoto yako vizuri." Akaondoka.

Uani kulikuwa na maturubai, viti vyenye mikanda ya waridi, spika mbili kubwa. Harufu ya pilau na udi ilitoka hadi barabarani. Lailah aliingia mbio, na muda si muda Hajati Rahmah mwenyewe akatoka getini, mama yake Akram, amejifunga gurbaba ya manjano, nguo yao ile ya kujitanda, uso wake mzuri, mpole. Wageni walikuwa wanapita. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, binti yangu."

Hakuwahi kuniita hivyo.

"Poleni na safari. Amenawa?"

"Amenawa, mama," alisema Lailah nyuma yake.

Hajati hakumgeukia. Macho yake yalikuwa kwangu. "Loice, nakuuliza wewe. Amenawa kwa maji ya Nile?"

Nikaiona akilini ile chupa ya Ayot. Nikaona pia mlango ule nyuma yake, wa mbao nzito, umefunguliwa wote.

"Amenawa, mama."

"Alhamdulillahi. Lete basi, niwaonyeshe wazee mjukuu wa Marjan. Wewe pumzika hapa kidogo, umechoka."

Nikampa. Nilimpa mwenyewe, kwa mikono hii, na nikamrekebishia kofia ya sufu ili asipigwe na upepo.

Geti likarudishwa, halikufungwa. Lailah alisimama kwenye uwazi. Ndani spika ilikohoa, sauti ya mwanamume ikasema kitu kwa Kinubi, kisha jina kamili, Abdul-Latif bin Akram bin Marjan, na vigelegele vikapanda. Nilicheka. Nilishika ukuta nikacheka, machozi yakanitoka kwa furaha, kwa sababu jina lake lilikuwa limetajwa kwenye spika na mtaa mzima umelisikia.

"Sasa sikiliza vizuri," alisema Lailah. "Safinah amekubali kumlea. Ana cheti cha uuguzi, yule si mshamba. Wewe utarudi Ggaba. Ukitaka kumwona, unapiga simu kwanza." Alifungua zipu ya mkoba. "Simu yako hii."

Niliipokea. "Wifi, ananyonya."

"Maziwa ya kopo yapo. Mama aliyanunua wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita," nikasema.

"Usianze."

"Ulisema kuna nafasi ya wawili."

"Ningesema nini? Ulikuwa umekaa pale kama umekufa, ningekubeba? Loice, wewe hata hina huna. Ungekaa wapi kwenye nyumba hii? Jikoni?"

Hapo Latifu akalia. Watoto walikuwa wengi mle ndani, wapiga kelele, lakini huyu nilimjua. Alilia kile kilio kifupi cha kwanza, kinachosubiri, na alipoona hakuna kitu akaanza cha pili. Maziwa yalishuka yenyewe. Sikuwa nimeamua lolote. Nilitazama chini nikaona kifua cha gauni langu, gauni la bluu nililoshona kwa siku hii, kina duara mbili zinazokua.

"Nenda," alisema Lailah. "Watu wanatazama."

Nikachukua sanduku, nikaondoka. Alidhani nimekwenda. Nilizunguka ukuta mpaka upande wa nyuma, ambako moshi ulikuwa unatoka. Nilijua kwa daftari langu kwamba jikoni kwa Wanubi wenye sherehe huwa nje, kwa nyuma, na mlango wake haufungwi. Wanawake kama wanane walikuwa kwenye masufuria. Waliacha kukoroga. Bibi mmoja mzee mwenye mwiko mrefu alinitazama usoni, hakunijua, akashusha macho kifuani kwangu, akayaona maji yale. Ndani Latifu alikuwa amefika kwenye kilio cha sauti kukauka.

"Ni wako huyo?" aliniuliza.

"Ni wangu."

Akavuta sufuria kwa mguu, njia ikapatikana. "Pita. Na sanduku acha hapa, mimi nipo."

Nilipita katikati ya viti vya waridi. Sikukimbia. Mbele kabisa palikuwa na viti viwili virefu kama vya wafalme. Cha bwana harusi kilikuwa kitupu, Akram alikuwa upande wa wanaume akisalimia. Kwenye cha pili alikaa Safinah, shela limefunuliwa, msichana mdogo kuliko nilivyodhani, amemshika Latifu mbali na nguo yake, chupa ya maziwa mkononi, uso umejaa hofu.

"Anaikataa," aliniambia, kama vile tunajuana.

"Ninajua."

Nikamchukua. Hakushindana nami. Nilitafuta mahali pa kukaa, na kiti kilichokuwa kitupu kilikuwa kimoja, nikakaa hicho. Nikafungua vifungo. Latifu alinishika kwa mdomo wote, kwa hasira, akaniumiza, na ule ukimya wa mtoto aliyepata ukasikika hadi nyuma, kwa sababu aliyekuwa kwenye spika alikuwa amenyamaza.

Hajati Rahmah alikuja upesi, tabasamu bado limo usoni kwa ajili ya wageni. Aliinama sikioni kwangu.

"Toka. Usituaibishe."

"Akimaliza."

"Loice, nitaita vijana."

"Waite. Wamtoe mjukuu wa Marjan kwenye titi, mbele ya wakwe."

Nilishangaa sauti ile imetoka wapi. Akram alikuja, amesimama kwenye joho lake, amelegea mikono. "Loice," alisema, "si tungezungumza? Si ungenipigia simu?" Sikumtazama. Nilitazama uso wa mwanangu, uliokauka vizuri, nyusi zake zinavyopanda na kushuka akimeza. Nyumba hii nilikuwa nimeitaka sana, na sasa nilikuwa ndani yake, kwenye kiti chake cha juu kabisa, na nilijua sitalala humo, wala yeye hatalala humo. Tutatoka pamoja kwa mlango wa jikoni. Tutakwenda wapi, sikujua. Bungoma kuna basi, Ggaba kuna makreti. Kesho nitajua.

Wageni walikuwa wamegeuza viti. Mtu alikohoa. Safinah, kando yangu, alivuta pindo la shela lake, akanitupia begani, nifunike.

Latifu akaachia titi. Kila mtu aliona. Hajati akasogea, mikono mbele.

Nikamgeuza, nikampa la pili.